Kutoboa Marumaru Nyumbani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kwenye nyumba nyingi zinazomaliziwa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, utasikia kwamba kutoboa marumaru ni bahati nasibu. Sikubaliani. Kuwa na marumaru chache za akiba ni busara, lakini zinapopasuka huwa kuna sababu, na sababu hizo zinazuilika.

"Washa drili ya kugonga, ndiyo inapita upesi."

Kugonga kule ni kwa zege. Marumaru ni udongo uliochomwa kwa joto linalopita nyuzi 1,000: ni mgumu, lakini haupindi hata kidogo, hivyo ukigongwa hupasuka. Zima kugonga, punguza mwendo. Kwa matundu madogo ya plagi za skrubu, milimita 6 au 8, biti yenye ncha ya mkuki inatosha kwenye marumaru za kawaida za ukutani. Kwa koki, tumia kikombe cha kutobolea chenye punje za almasi. Koki ya nusu inchi ina uzi wenye kipenyo cha karibu milimita 21, kwa hiyo tundu la 25 au 30 linaipa nafasi, na sahani ya koki hufunika pembeni. Kikombe kisicho na biti ya katikati huteleza. Kianze kikiwa kimeinama, kikishachonga mfuo kinyanyue taratibu mpaka kisimame wima.

"Marumaru zote ni zilezile."

Dondoshea maji mgongoni mwa marumaru. Ya kauri ya kawaida huyanywa. Posileni, ambayo kwa kipimo cha kimataifa haitakiwi kunywa zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, huyaacha juu. Hiyo ya pili huimaliza biti ya kawaida kabla tundu halijatokea. Itafutie almasi tangu mwanzo.

"Zilowekwe usiku kucha zilainike."

Hazilainiki. Kazi ya maji ni kupooza almasi na kuondoa unga ndani ya tundu. Wengine, ikifika Juni na Julai, hulaumu baridi. Baridi yetu ya Mbeya haina kosa hapo: kinachopasua ni sehemu moja kuchemka huku iliyobaki ikiwa ya baridi. Ndiyo maana maji yaanze pamoja na biti, yasisubiri moshi. Marumaru ikiwa imelala chini, zungushia ukuta mdogo wa udongo mahali pa tundu na ujaze maji humo. Lakini maji na drili ya waya ni hatari ya kufa. Ya betri ni salama zaidi, na grenda ya umeme usiimwagie maji kamwe.

"Kata kona moja kwa moja kwa grenda, imeisha."

Hapa ndipo marumaru nyingi huharibika, na inauma zaidi kwa kuwa mara nyingi hupasuka siku ya pili, ikiwa tayari ukutani. Ukikata umbo la L kuzunguka kisanduku cha soketi, nguvu zote hukusanyika kwenye kona ya ndani. Kona kali ni mwanzo wa ufa. Kwanza toboa tundu dogo pale kwenye kona, kisha kata mistari miwili ije kukutana humo. Duara hugawa nguvu ambazo kona ingezibeba peke yake.

Diski nayo ni duara. Ukikata kutoka usoni, ili ifike kona ya mgongoni lazima mstari wa usoni uvuke alama. Kwa hiyo chora pande zote mbili, anza usoni kwa mfuo mwembamba unaoishia kwenye alama, halafu geuza umalizie mgongoni, ambako mstari ukivuka hakuna atakayeuona. Kwa mwanya wa U kwenye ukingo, kata mistari mingi iliyosimama sambamba kama meno ya kitana, kisha vunja jino mojamoja kwa koleo na usawazishe kwa diski. Muda wote marumaru ilale juu ya ubao ulionyooka, isining'inie hewani.

"Kitambaa puani kinatosha."

Hakitoshi. Vumbi la marumaru lina silika, chembe ndogo zinazopenya kitambaa na kukaa kwenye mapafu, na makovu yake hayana dawa. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, N95 au FFP2, na miwani. Katia nje, watoto wakiwa mbali. Kinga ya grenda isivuliwe ili kuona mstari: diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika.

"Diski ikianza kuunguza badala ya kukata, imekufa."

Mara nyingi punje za almasi zimefunikwa tu. Ipitishe mara chache kwenye tofali la saruji na mchanga, chuma laini kilichozifunika kisagike, zitokeze tena. Ikirudi kukata, endelea nayo. Isiporudi, ndipo ununue nyingine yenye ukingo mzima usio na mapengo, kwa sababu yenye mapengo ni ya zege na humegua rangi ya usoni.