Moyo uko kushoto: mbinu za kukumbuka taa na majina ya chombo kabla hujaja kukaguliwa

Tangu sisi wakaguzi wa usalama wa vyombo tuanze kuwauliza manahodha wa boti ndogo maswali ya mdomo wakati wa ukaguzi, malalamiko hayaishi. Mtu ameendesha boti kati ya Kunduchi na Mbudya miaka kumi na tano, akiulizwa taa nyekundu inakaa upande gani anakasirika, anasema yeye bahari anaijua. Sawa mzee wangu, unaijua, hatujabisha. Ila huyo anayekuja mbele yako saa mbili usiku hakujui wewe wala umri wako, anachokiona ni taa tu.

Lalamiko lingine ni kwamba haya mambo ni ya Kizungu na hayakaririki. Hili nalikubali nusu. Kanuni zenyewe, zile za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, ziliandikwa Kizungu na vibwagizo vya kuzikumbuka wamejitungia Waingereza kwa maneno yao, sasa ukikariri kibwagizo usichokielewa kinakutoka siku ile ile unayokihitaji. Ndio maana kwenye mafunzo siku hizi natumia vya kwetu.

Anza na chombo chenyewe. Methali ya "hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani" kila mtu anaijua, ila ukiuliza tezi ni wapi na omo ni wapi, watu wanaangaliana. Omo ni mbele, na neno lenyewe limo ndani ya "mdomo", na mdomo wa kiumbe uko mbele. Tezi ni nyuma. Vijana wa pale ufukweni walinipa njia yao ya kuikumbuka, inahusu tezi dume na daktari, siiandiki hapa lakini nakiri tangu siku hiyo hakuna aliyekosea.

Redioni utasikia "poti" na "stabodi". Poti ni kushoto: poTi, kushoTo, zote zina "ot" ndani yake. Inayobaki ni kulia. Na hapa niseme kitu ambacho nilidhani hakihitaji kusemwa: kushoto ni kwa chombo, ukiwa umeelekea omo. Ukigeuka kuongea na abiria waliokaa tezi, kushoto ya chombo haigeuki na wewe.

Rangi sasa. Moyo uko kushoto, moyo una damu, damu ni nyekundu. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na kwenye sahani kuna mboga za majani, kijani. Basi. Nimefundisha hivi watu ambao hawakumaliza darasa la saba na hawajasahau, halafu nimekutana na boti mpya ya faiba, injini mbili, taa zimefungwa kijani kushoto na nyekundu kulia kwa sababu fundi alizifunga akiwa amekaa anaangalia nyuma. Mwenye boti ananiambia "si zinawaka?" Zinawaka ndiyo, ila kila anayekutana na boti hiyo usiku anaambiwa uongo kwamba inaenda kule wakati inakuja huku.

Manake kazi ya taa si kukumulikia wewe njia, wengi wanakosea hapo. Taa zinamwambia mwenzako umeelekea wapi. Kila taa ya ubavuni inaonekana nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi kupita ubavu kidogo. Nyeupe ya tezi inaonekana nyuzi 135. Jumlisha mbili za ubavuni na hiyo ya nyuma unapata 360, duara kamili, hakuna pengo na hakuna kupandiana. Ndio sababu tukija kukagua tunakuomba uwashe taa moja moja, siyo zote kwa pamoja, halafu mkaguzi anazunguka chombo polepole anaangalia kila taa inaanza kuonekana wapi na inakatika wapi, anaandika, anarudi upande wa pili. Inachukua muda, najua mna abiria, ila ukimharakisha ataanza upya. Taa ikizibwa na turubai au na begi la mtalii imeshindwa. Unapewa karatasi ya mapungufu, unarekebisha, unaomba ukaguzi wa marudio, na kabla ya hapo hutoki. Kutoka wakati umezuiwa ni kosa jingine juu ya lile la kwanza, watu wengi hili hawalisikii mpaka liwakute. Na tafadhali, leseni ya uvuvi siyo cheti cha usalama wa chombo, ni vitu viwili tofauti. Mambo ya usalama wa vyombo kwa Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), kwa Zanzibar ni ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar), kwa hiyo usije na karatasi ya halmashauri ukaanza kutuuliza kwa nini haitoshi.

Taa zinawashwa jua linapozama mpaka linapochomoza, na mchana pia kama kuna ukungu au mvua inayoziba macho. Boti ya injini iliyo chini ya mita 12 imepunguziwa mzigo: nyeupe moja inayoonekana pande zote, pamoja na nyekundu na kijani zake. Ngalawa ya makasia, au ya tanga iliyo chini ya mita 7, ikishindwa kufunga taa zote iwe na tochi ya mwanga mweupe mkononi, iwashwe mapema kabla ya mgongano. Tochi jamani. Siyo simu yenye chaji asilimia nne.

Ukikutana na mwingine uso kwa uso, unaona nyekundu na kijani zake zote mbili, kila mmoja anakata kulia mnapishana moyo kwa moyo, kushoto kwako na kushoto kwake. Hapa ndipo madereva wanapotuletea shida. Barabarani kwetu tunashika kushoto, kwa hiyo mtu akistuka mkono unakwenda kushoto wenyewe, na kule mwenzake kakata kulia kama kanuni inavyosema, mnakutana palepale. Nawaambia: barabarani shika kushoto, majini kwepa kulia. Iseme kwa sauti mara kumi hata abiria wakikucheka.

Mkikatizana, angalia rangi unayoiona. Aliye kulia kwako anakukatiza mbele anakuonyesha ubavu wake wa kushoto, yaani nyekundu, na nyekundu unaijua toka kwenye taa za barabarani: wewe ndio unapisha, punguza au pita nyuma yake, usimkatize mbele. Yeye anaona kijani yako, anaendelea. Kijani lakini siyo ruhusa ya kulala, ukiona mwenzako hapishi na wewe uchukue hatua, na mkigongana usitegemee kusema "mimi nilikuwa na haki" ukaondoka, lawama mara nyingi hugawanywa. Kwa wa matanga: upepo ukikuingilia kushoto na mwenzako unamwingilia kulia, wewe unapisha. Ukiwaingilia upande mmoja, aliye juu ya upepo, yaani upande unakotokea, ampishe aliye chini yake.

Meli kubwa, ya mita 50 na kuendelea, ina nyeupe mbili kwenye milingoti, ya mbele iko chini na ya nyuma iko juu. Mtoto mbele, mama nyuma. Ukiona mtoto yuko kushoto mwa mama, meli inaelekea kushoto. Zikisimama moja juu ya nyingine kwenye mstari mmoja, meli inakuja kwako. Ondoka.

Taa za kazi maalumu tunazikumbuka kwa sahani. Nyekundu juu ya nyeupe ni mchuzi juu ya wali, huyo anavua kwa nyavu au mishipi, mpe nafasi. Kijani juu ya nyeupe ni mchicha juu ya ugali, huyo anakokota wavu nyuma yake, usipite karibu na tezi yake. Nyekundu mbili, moja juu ya nyingine, ni macho ya mlevi: chombo kimeshindwa kujiongoza, hakiwezi kukukwepa hata kikitaka. Nyeupe juu ya nyekundu ni rubani wa bandari na kofia yake nyeupe. (Rubani lilikuwa neno la bahari kabla ndege hazijaja, wale wa angani wameazima kwetu.)

Sasa maboya ya dira, yale meusi na manjano yanayoonyesha upande salama wa kupita penye hatari, ambayo ndiyo yanaangusha watu wengi. Boya la mashariki linakwambia pita mashariki yake, la magharibi pita magharibi. Usiku la mashariki linamulika mara 3, la kusini mara 6 na mmuliko mmoja mrefu, la magharibi mara 9, la kaskazini halipumziki. Wazungu wanakumbuka kwa uso wa saa ya ukutani: tarakimu 3 iko kulia, 6 chini, 9 kushoto. Mswahili ukimwambia hivyo anachanganyikiwa, kwa sababu mshale ukiwa kwenye 3 sisi tunasema saa tisa. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha watu hivyo hivyo nikawa nashangaa kwa nini wanageuza mashariki na magharibi. Kosa lilikuwa langu.

Tumia jua. Saa tatu asubuhi jua liko mashariki: mimuliko mitatu, mashariki. Saa tisa alasiri jua liko magharibi: mimuliko tisa, magharibi. Kwa saa zetu inakaa yenyewe, huhitaji ukuta wala mishale. Saa sita ina utata kidogo maana huku kwetu jua linakaa karibu na utosi, ila Desemba wakati wa kaskazi jua la saa sita pale Dar limeinamia kusini, basi sita ni kusini. Atakayeniambia Juni linainamia kaskazini yuko sahihi, na huyo tayari anajua ya kutosha, hahitaji mbinu yangu.

La mwisho ni hizi taa za mapambo. Mikanda ya rangi mnayozungushia boti za watalii, inayobadilika nyekundu bluu kijani kwa mdundo wa muziki, hairuhusiwi kuwashwa chombo kikiwa njiani usiku kama inafanana na taa za kanuni au inazififisha. Wavuvi wa dagaa na nyie, karabai na taa za jenereta tunajua ndiyo kazi yenyewe, ila ukimaliza kuvua ukaanza safari zizime, zinameza nyekundu na kijani zako zote, kwa mbali unaonekana kama kijiji. Mkija kukaguliwa njooni na betri iliyojaa na balbu ya akiba kwa kila taa, tutaiomba tuione.