Kupandisha hezi hakuongezi kilowati za mota

Wengi huamini mota ya 50 Hz ikipelekwa 60 Hz kwa VFD (kifaa cha kubadili hezi na mwendo wa mota), nguvu nayo inapanda. Hapana. VFD haitoi volti zaidi ya zile za laini, 400 V, kwa hiyo hezi zikipanda usumaku hupungua, na torki (nguvu ya kuzungusha) kwa ampea zilezile hushuka hadi kama 83%. Mwendo unapanda, torki inashuka, kwa hiyo kilowati hubaki palepale.

Balaa ni pampu ya sentrifuga: iliyokula 7 kW kwa 50 Hz itadai 12 kW kwa 60. Mota ya 7.5 kW itazitoa wapi? VFD inakata, fundi anapandisha kikomo cha ampea, waya zinaungua. Ukilazimika, panda hezi moja moja ukisoma ampea kwenye skrini. Zikifika zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, simama hapo.