Mama mjamzito, homa si ya mimba: maswali kuhusu malaria na minyoo

Swali: Mimba yangu ina miezi mitano. Jioni mwili unachemka, asubuhi natulia. Si ndiyo hali ya mimba?

Hapana. Mimba haileti homa. Kichefuchefu na kiungulia, sawa, hayo ni ya mimba. Homa siyo. Mjamzito mwenye homa anapimwa malaria siku hiyo hiyo, si baada ya kumeza panadol siku tatu "kuona kama itapungua". Panadol inashusha joto tu. Vimelea vinaendelea kuzaliana.

Swali: Malaria nimeizoea tangu utotoni. Itanifanya nini?

Vimelea hujazana kwenye kondo la nyuma, mahali ambapo kinga yako ya zamani haivifikii vizuri, hasa mimba ikiwa ya kwanza. Unaweza usisikie chochote huku mtoto akikosa chakula na hewa. Anaweza kuzaliwa njiti, au na uzito chini ya kilo 2.5, au mfu. Kwa hiyo hata usiyeumwa, kliniki ni lazima na chandarua chenye dawa ni kila usiku.

Swali: Minyoo inahusikaje?

Nazungumzia hasa minyoo ya safura. Mabuu yake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya miguu mitupu na kuishia kwenye utumbo, ambako minyoo hung'ata na kunyonya damu. Malaria nayo inapasua chembe nyekundu za damu. Vikikutana kwa mama mmoja, damu inaisha haraka. Vaeni viatu hata shambani, tumieni choo. Na wanaokula udongo, nawaomba sana waache: wanameza mayai ya minyoo mingine.

Swali: Nasikia kizunguzungu na kuchoka. Ni mimba tu?

Hapana, tena hapana. Mama anakaa mbele yangu, nikivuta kope ya chini naikuta nyeupe, viganja vyeupe, anahema kwa kutoka benchi hadi mezani, na bado ananiambia, "Ni mimba tu, nesi." Siyo mimba, ni damu! Wekundu wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Mwenye damu hiyo akivuja kidogo tu wakati wa kujifungua, anaweza kufa.

Swali: Dawa haziharibu mimba?

Inayoharibu mimba ni malaria. SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, ni vidonge 3 kwa mkupuo, mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kisha baada ya kila mwezi mmoja, angalau dozi tatu. Wako wanaovificha mdomoni wakavitema njiani. Mama zangu, hapo hamkumkomoa muuguzi. Anayetumia septrin kwa sababu ya VVU hapewi SP. SP ni kinga tu. Ukiugua malaria, utapewa dawa mseto, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mseto wa artemether na lumefantrine hata kwa mimba changa. Dawa ya minyoo, albendazole miligramu 400 mara moja, hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Vidonge vya kuongeza damu ni kila siku. Choo kikiwa cheusi usiviache.

Swali: Mama mkwe anasema nianze kliniki tumbo likionekana.

Mwambie kwa heshima kwamba unaanza kabla ya wiki ya 12. Anayefika mwezi wa nane hana tena muda wa dozi tatu, na damu iliyopotea miezi yote hairudi kwa wiki mbili.

Swali: Ni wakati gani nisisubiri hata asubuhi?

Degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila unachomeza, kuhema ukiwa umekaa, macho ya njano, mkojo mweusi, kutokwa damu, mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Usiku huo huo, kituoni. Mume akiwa safarini usingoje ruhusa yake. Mwamshe jirani akusindikize.