Je, wajua? Hela ya simu haivuki mtandao

Miaka hiyo nilikuwa dawati la huduma kwa wateja kwenye kampuni moja ya simu hapa Tanzania, na ungeniuliza kwa nini makampuni yanayonyang'anyana wateja mchana kweupe yamekubali wateja wao watumiane pesa toka mtandao mmoja kwenda mwingine ningekujibu fasta: serikali imewabana. Nimewaambia hata wateja hivyo, tena kwa kujiamini.

Sasa angalia miaka. Tigo, Airtel na Zantel walianza kuelewana 2014, Vodacom mwenye M-Pesa, yule mkubwa wao, akaingia 2016. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ni ya 2015, yaani wenzetu walishakaa mezani sheria haijatoka. Sio kwamba Benki Kuu ilikuwa imelala, iliunga mkono na kufuatilia, ila waliokaa wakabishana kanuni ni makampuni yenyewe, msuluhishi akiwa IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na makampuni binafsi. Kwa hiyo hawakuburuzwa, walipiga hesabu.

Kabla ya hapo ukitumiwa hela toka mtandao mwingine unapata meseji yenye namba ya siri, basi, unaenda kwa wakala wa mtandao wa aliyekutumia unatoa yote. Kuna mama alikuja na laini yetu, meseji ya mtandao mwingine, nikamwelekeza kwa wakala wa wapinzani hatua kumi toka mlangoni kwetu huku supavaiza ananikodolea macho.

Kosa langu la pili ndo tamu zaidi. Nilidhani baada ya makubaliano hela inaruka toka mtandao huu kwenda ule. Hairuki.

Chukua maduka mawili yanatazamana, la Mangi na la Mpemba, hawapendani. Asubuhi kila mmoja anaweka laki moja kwa mwenzake kama amana. Mteja wa Mangi anataka ndugu yake wa ng'ambo ya barabara apate elfu kumi, anampa Mangi, Mangi anapiga kelele "mpe huyo kumi, kata kwenye amana yangu!" Mpemba anakata, anampa. Muda huo hakuna noti iliyovuka barabara. Sasa amana ya Mangi kwa Mpemba imebaki elfu tisini, na ikiisha Mpemba anamwambia leta nyingine kwanza, mteja asubiri.

Kwenye simu amana hiyo ilikuwa akaunti ya hela ya kielektroniki iliyojazwa kabla, na noti zenyewe zimelala benki kwenye akaunti za dhamana, yaani za kutunzia hela za wateja. Kwa uhalisia kuna makato na usuluhishi wa miamala iliyokwama, lakini moyo wa kitu ni huo, na mimi huwa nacheka: amani yote imejengwa juu ya kutoaminiana, maana hakuna anayemkopesha mwenzake hata shilingi.

Ubaya wake ulikuwa kwamba kila wawili waliunganishwa kivyao. Makampuni manne ni miunganisho 6, kumi ni 45, ndo maana baadaye Benki Kuu ikaleta TIPS, mfumo mmoja wa katikati.

Na sisi wa dawatini? Tulibandikiwa karatasi ya maelekezo mapya ukutani, chini kidogo ya ile yenye tageti ya mwezi ya kuwavuta wateja wa mitandao mingine. Tageti haikushuka hata laini moja.