CD4 ziko sawa, lakini ana MS: kinga haijashuka

Mtu akiambiwa MS (multipo sklerosisi, ugonjwa wa neva) ni "ugonjwa wa kinga", hapa Mwanza swali linalofuata mara nyingi ni CD4 zake ngapi, yaani zile seli za kinga zinazohesabiwa kwa wenye VVU. Inaeleweka, maana kandokando ya Ziwa Victoria familia nyingi zinaijua kliniki ya VVU, CTC, na zinajua kusoma namba hiyo. Kisha ndugu wanachanga hela, mgonjwa ananunuliwa kitu cha "kupandisha kinga". Huko ni kutibu ugonjwa ambao hana.

MS ni ugonjwa ambao seli za kinga hushambulia mayelini, ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Seli hizo huagizana kwa saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli moja huzitoa na nyingine huzipokea kwenye vipokezi vyake.

Sasa hizo CD4. Ni alama iliyoko juu ya seli T saidizi, aina ya seli nyeupe za damu. VVU huziua seli hizo, ndiyo maana kuzihesabu kunasaidia. Mwenye MS anaweza kuwa nazo za kutosha kabisa na bado akaamka jicho moja halioni vizuri, kwa sababu kinachoamua ni amri ambazo seli hizo zimepokea. Seli T changa ikikutana na saitokini iitwayo interlukini-12 hugeuka kuwa seli ya aina ya Th1, inayotoa saitokini nyingine, interferoni-gama. Ikikutana na saitokini za TGF-beta na interlukini-6, kisha ikakomazwa na interlukini-23, huwa aina ya Th17, inayotoa interlukini-17. Zote mbili hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo, hupenya, na huko ndani huamshwa upya na seli zinazozionyesha vipande vya mayelini. Wakati huohuo seli T dhibiti hutoa interlukini-10 ili kutuliza, na nyingi kati ya hizo nazo ni CD4. Maana yake, kipimo cha CD4 humhesabu anayeshambulia na anayetuliza kwa pamoja. Ni sawa na mwano, yowe la kuita watu, ukipigwa kijijini: kuhesabu waliotoka na marungu hakukwambii wameelekezwa nyumba ya nani.

Hata jina la saitokini halitoshi. Interferoni ilipewa jina mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, walioiona ikizuia virusi visizaliane. Kwa kuwa virusi vilishukiwa kuchochea MS, kumpa mgonjwa interferoni kulionekana ni jambo la busara. Matokeo ya jaribio la interferoni-gama yalichapishwa mwaka 1987: kati ya wagonjwa 18, 7 walipata mashambulizi mapya wakati wa matibabu, na dawa ikaachwa. Interferoni-beta, yenye kipokezi tofauti, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1993 kama dawa ya kupunguza mashambulizi ya MS. Kwa hiyo anayesema "interferoni huongeza kinga" bila kutaja ni ipi, hajasema kitu ambacho mgonjwa anaweza kukitumia.

Kuna dai jingine linalotuhusu sisi wa ziwani, kwamba minyoo hukinga MS. Lina chanzo cha kweli. Watafiti wa Argentina walichapisha mwaka 2007 habari za wagonjwa 12 wa MS wenye minyoo, ambao walipata mashambulizi machache kuliko wasio nayo, huku seli zao zikitoa interlukini-10 na TGF-beta kwa wingi. Huo ni ushahidi wa jinsi saitokini zinavyofanya kazi, si sababu ya kuiacha minyoo mwilini. Kichocho, ugonjwa wa minyoo wa huku ziwani, huharibu ini na kibofu, kwa hiyo dawa yake, prazikwanteli, inywewe kama ilivyoandikwa, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa kichocho chetu.

Ndugu anayechangia dawa ya kupandisha kinga ana nia njema, na hela yake inahitajika kweli, kwa sababu picha ya MRI na dawa za MS ni ghali. Tumwombe tu abadili swali: badala ya "kinga imefika ngapi", aulize daktari anataka kuzuia amri ipi. Na kama chupa ya mitishamba imeshanunuliwa, iende kliniki pamoja na mgonjwa, hasa anayechomwa interferoni-beta. Sindano hiyo yenyewe inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, na daktari akiona vimepanda lazima ajue kingine alichokunywa ni nini.