Utando wa ndani wa mitokondria: umbo lake likiharibika unaumwa nini?

Ukisema ugonjwa wa mitokondria wengi wanaelewa kwamba seli imeishiwa nguvu, basi. Sio uongo, ila kuna magonjwa ambayo shida inaanzia kwenye umbo la utando wenyewe, na hayo ndo nataka tuyaongelee.

Mitokondria, kile kiungo kidogo ndani ya seli kinachotengeneza nguvu, ina tando mbili. Wa nje hauna makuu, umenyooka tu. Wa ndani umejikunja kunja, mikunjo inaitwa krista, George Palade aliionyesha kwa hadubini ya elektroni miaka ya 1950. Chukua ramani ya Ziwa Victoria uangalie upande wetu huku, Ghuba ya Mwanza, Ghuba ya Speke, maji yanaingia na kutoka kila mahali, kwa hiyo mialo ni mingi kuliko kama ziwa lingekuwa duara. Krista ni hivyo hivyo, nafasi ya kazi inaongezeka bila mitokondria kunenepa.

Kazi gani sasa? Protini za pale zinapitisha elektroni zilizotoka kwenye chakula mpaka kwenye oksijeni, huku zinasukuma protoni zirundikane upande mmoja wa utando, afu zile protoni zikirudi zinapitia kwenye protini inayoitwa ATP sinthesi, inazunguka kweli kweli na kutengeneza ATP, yaani ile molekuli inayobeba nguvu ya seli. Wazo la protoni alilitoa Peter Mitchell 1961, watu wakambishia weee, mwaka 1978 akapewa Nobel. Utando ukivuja, protoni zinarudi bure na ATP hupati.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hizo ATP sinthesi zinakaa mbili mbili kwa mstari kwenye ncha ya mkunjo na ndo zinasaidia kuupinda. Shingo ya krista inashikiliwa na kundi la protini linaitwa MICOS pamoja na protini nyingine, OPA1, na kuna mafuta maalum, kadiolipini, ambayo kwenye seli zetu karibu yote yako kwenye utando huu.

Kadiolipini isipomaliziwa kutengenezwa unapata ugonjwa wa Barth, daktari Mholanzi Peter Barth aliuelezea 1983. Krista zinalegea na kuvurugika, moyo unatanuka na kukosa nguvu, misuli inachoka, na chembe nyeupe aina ya neutrofili zinashuka kwa hiyo mtoto anashambuliwa na vijidudu hovyo. Kwa nini moyo? Ukiona sangara anapasuliwa pale mwaloni Kirumba, minofu ni myeupe ila moyo mwekundu umekolea, minofu ile inafanya kazi akikurupuka tu, moyo haupumziki hata sekunde, seli zake zimejaa mitokondria zenye krista zilizobanana. Moyo wa binadamu nao ni hivyo.

OPA1 ikiwa na kasoro, kinachoumia zaidi ni neva ya jicho, mtoto anaanza kupoteza uoni taratibu macho yote mawili na miwani haimsaidii kitu. Jeni yake ilijulikana 2000.

Hapa niseme kitu, maana akina mama wanalaumiwa sana. Ile kauli kwamba mitokondria unarithi kwa mama ni kweli kwa DNA ya mitokondria, ambayo inatoa protini 13 tu, hizo nyingine zote zaidi ya elfu moja maelekezo yake yako kwenye kiini cha seli, huko baba naye yumo. Kasoro ya OPA1 baba anaipitisha sawa sawa na mama. Barth iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana anayo moja tu, ndo maana wanaougua karibu wote ni wavulana.

Vile vidonge vya "kuamsha mitokondria" vinavyozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp havirekebishi krista ya mtu, tunza hela yako. Dawa inayolenga kadiolipini yenyewe ni elamipretide, Marekani waliipitisha kwa masharti Septemba 2025 kwa wagonjwa wa Barth wenye kilo 30 kwenda juu, kwa sababu iliongeza nguvu ya misuli ya paja. Watoto wadogo chini ya hapo bado wanategemea dawa za kawaida za moyo, na wengine wanafikia kubadilishiwa moyo.