WiFi na intaneti: majina mawili, maradhi mawili

Mtu akisema "WiFi ya nyumbani inasumbua", huenda anazungumzia jambo moja kati ya mawili yasiyo na undugu. La kwanza, simu yake haisikilizani na ruta iliyoko sebuleni. La pili, simu na ruta vinaelewana vizuri sana, ila ruta yenyewe haipati kitu kutoka nje. Kwenye kioo cha simu yote mawili yana sura moja: kiduara kinazunguka, video inaganda, ujumbe unabaki na tiki moja. Ndiyo maana wengi huongeza kifurushi, wakalipa zaidi kila mwezi, na tatizo likabaki palepale.

WiFi ni redio. Ndani ya ruta mna kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi, na ndani ya simu mna kingine, vikijibizana kwa kanuni zilizotolewa na IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1997 kwa jina la 802.11. Kazi ya redio hiyo inaishia kwenye kuta za nyumba yako, au kwa jirani kidogo. Intaneti ni ile safari inayoanzia nyuma ya ruta: faiba au mnara wa simu, mitambo ya mtoa huduma, na kwetu huku pwani ya Afrika Mashariki, nyaya zilizolazwa chini ya bahari kama SEACOM, iliyoanza kazi 2009, na EASSy ya 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao Tanzania na Kenya ukazorota. Siku ile alama ya WiFi kwenye simu ilikuwa imejaa. Watu walizima ruta na kuziwasha tena na tena, na hakuna ruta iliyokuwa na kosa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, tenganisha. Chukua simu, simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, ujaribu kile kilichokushinda chumbani. Kikienda vizuri hapo, tatizo ni redio ya ndani. Kikigoma hata hapo, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya. Waya nao ukigoma, angalia nje: kwenye kisanduku cha faiba, taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, na unachoweza kufanya ni kuhakikisha ule uzi mwembamba haujakunjwa wala kubanwa na kochi, kisha umpigie mtoa huduma.

Kuna kipimo kingine kinachosema ukweli zaidi, kinaitwa ping: unatuma kipande kidogo cha data na kuhesabu kinarudi baada ya milisekunde ngapi. Ipigie ping kwanza ruta yenyewe (mara nyingi anwani yake ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, imeandikwa chini yake), kisha ipigie ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyoko nje. Majibu ya ruta yakirukaruka, mara milisekunde 3, mara milisekunde 400, mara hakuna, redio ndiyo mgonjwa. Ruta ikijibu kwa utulivu na ya nje ikayumba, nyumba yako iache kwanza.

Sasa tubaki na redio, maana huku ndiko mwenye nyumba ana uwezo.

Shangazi yangu anaishi Mji Mkongwe, Zanzibar. Alinipigia jioni moja: "Mwanangu, mtandao hauendi kabisa, na pesa nimelipa." Nilipofika nikakuta ruta imewekwa chini, kwenye kona, nyuma ya kabati la vyombo, pale pale fundi alipotoboa tundu la kupitisha faiba. Nyumba ile ni ya mawe na chokaa, ukuta mmoja una unene wa karibu nusu mita. Kutoka kwenye ile kona hadi kitandani kwake mawimbi yalipaswa kuvuka kuta mbili za namna hiyo.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, na namba huwa hasi: −40 ni karibu sana na ruta, −67 bado inatosha kupiga simu ya video, −80 ni kubahatisha. Vile vimistari vya kwenye simu havielezi vya kutosha. Kila ukishuka namba 3, nguvu inapungua nusu, hivyo −80 ni dhaifu mara 1,000 kuliko −50. Programu za bure za kupima WiFi zinaonyesha namba hii, na kwa Shangazi kitandani ilikuwa −81.

Ruta nyingi za leo zina masafa mawili ya mawimbi. Ya gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi, huvumilia kuta lakini yana msongamano. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi ila huchoka haraka ukutani. Zege lenye nondo, mabati, kioo kikubwa cha kujitazamia, friji na tangi la maji vyote huyazuia. Ukuta wa mbao au wa jasi hauna neno.

Lakini jambo ambalo watu hawalijui, na ndilo linaloeleza mengi, ni kwamba WiFi ni baraza la msemaji mmoja. Katika chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa hayo, kifaa kimoja tu huzungumza kwa wakati mmoja, wengine husikiliza na kungoja zamu. Kifaa kilicho mbali, kinachosikia kwa shida, hulazimika kusema polepole, na kikikosewa kurudia, na muda wote huo wengine wamenyamaza. Simu iliyoko jikoni kwenye −82 inaweza kuigandisha televisheni iliyo mita mbili kutoka kwenye ruta. Hasira zinamwendea mwenye televisheni, "wewe na tamthilia zako unamaliza mtandao", kumbe anayekula muda ni yule wa jikoni, bila kujua wala kukusudia.

Na baraza hilo majirani nao wamo. Katika maghorofa ya Kariakoo au Eastleigh simu inaweza kuona ruta nyingi kwa mara moja, na zote zilizo chaneli moja na yako zinagawana zamu na wewe. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, basi. Usihamie ya 3 kwa sababu inaonekana tupu. Ruta mbili za chaneli moja husikiana na kupishana, ila ukikaa ya 3 unakuwa makelele kwa wa 1 na wa 6, nao makelele kwako. Maikrowevu pia hufanya kazi kwenye masafa hayo hayo ya 2.4, ndiyo maana simu inakwama wakati chakula kinapashwa moto. Vifaa vilivyo karibu na ruta vihamishie gigahezi 5, na zamu zitapatikana.

Kuna hali ya tatu inayodanganya. Redio nzima, laini nzima, lakini simu ya mtu mmoja inapandisha picha 600 za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Upande wa kupandisha ukijaa, foleni inatanda ndani ya ruta na hata ombi dogo la mwenzie linangoja nyuma yake. Simamisha upandishaji huo dakika mbili uone.

Vile vikuza mawimbi vinavyochomekwa kwenye soketi sivikatai, ila husikia kila neno na kulirudia, na vile vya bei nafuu hufanya hivyo kwa redio ileile moja, hivyo kasi hukatika karibu nusu. Tena watu huvichomeka ndani ya chumba chenye shida, mahali ambapo kikuza chenyewe hakisikii. Nafasi yake ni katikati ya njia.

Kwa Shangazi hatukununua kikuza. Nilinunua waya wa mita 15, tukaupitisha juu ya fremu za milango kutoka kisanduku cha faiba, ruta tukaipandisha juu ya rafu ukumbini, mkabala na mlango wa chumba chake. Kitandani namba ikawa −62. Usiku ule alimpigia binti yake Muscat kwa video, wakazungumza mpaka chaji ikaisha.